Paa la Mzee Rwamba

Kule Kiritiri hakuna aliyehitaji kuelezwa Karimi ni nani. Ni yule mwanamke wa suruali ya jinzi, mwenye pikipiki iliyofungwa ngazi ubavuni, anayepanda juu ya mabati ya watu jua likiwaka huku wanaume wamekaa kivulini wakimpa mawaidha ambayo hakuyaomba. "Mama, shika vizuri!" "Mama, utaanguka!" Hakuanguka. Aliyeanguka ni mmoja wao, siku aliyotaka kumwonyesha namna ya kupanda, na mguu wake haujanyooka vizuri mpaka leo.

Karimi alikuwa wa Nkubu, huko Meru kwenye migomba na baridi. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi cha pale kwao, wasichana wakiwa wawili tu darasani, kisha akaolewa na Gitari, Mmbeere wa Kiritiri, dereva wa lori ambaye nyumbani alionekana kama mgeni wa harusi: anakuja, anakula, anaondoka. Umeme wa nguzo ulikuwa umefika sokoni ukachoka hapo hapo. Vijijini watu waliendelea na koroboi, na moshi wake, na macho mekundu. Ndipo Karimi akaiacha kazi ya nyaya za mjini, akageukia sola.

Katika miaka hiyo alipanda mapaa ya karibu kila ukoo, isipokuwa paa moja. Hilo lilikuwa la Mzee Rwamba, baba yake Gitari, na lilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa jiko lake.

Mzee Rwamba alikuwa mtu wa kanisa, lakini kuna mambo aliyoyashika kabla ya kanisa kufika, na hayo hakuyaachia. Mke wa mwana hapandi juu ya nyumba anamolala baba mkwe. Hakanyagi juu ya kichwa chake. Hata nyasi za kuezekea, enzi zile, wanawake walizikata na kuzibeba, lakini waliopanda kuezeka walikuwa wanaume. "Hizo nyumba za watu panda," alimwambia Karimi mapema kabisa, bila ukali. "Hii yangu, hapana. Nitakaa na koroboi yangu." Karimi alijaribu kuleta fundi mwanaume kutoka Embu, mzee akakataa na huyo pia. Eti si haki mgeni alipwe kwa kazi ambayo mtoto wa nyumbani anaijua. Sasa mtu kama huyo utamfanyaje? Karimi akaliacha lile paa. Lakini lilimuuma, asidanganye mtu. Kwa watu aliitwa fundi, na kwake aliitwa mke wa Gitari anayevaa suruali.

Kisha ukaja mradi wa serikali. Kwa maneno mafupi, mwenye nyumba alitoa nusu ya bei na serikali ikaweka nusu iliyobaki, hiyo ikiitwa ruzuku. Sola na betri zilikaa kwa Isaack, mfanyabiashara wa Meru mjini mwenye duka karibu na soko la Gakoromone. Nusu ya serikali ikishafika, Isaack anampigia Karimi simu, naye anakwenda kuchukua.

Mafundi wengine walingoja sola ndipo waanze kazi. Karimi hakungoja. Alikuwa ameishi Mbeere muda wa kutosha kujua kwamba pale watu wana fedha wakati mmoja tu, ndengu zikishavunwa na kuuzwa. Ukichelewa kidogo, fedha imekuwa karo, imekuwa harambee ya hospitali, imekuwa mbuzi. Kwa hiyo ndengu zikiuzwa alipita nyumba hadi nyumba, akipokea nusu yao na kuanzia ndani papo hapo: nyaya, swichi, balbu zikaning'inia darini. Sola ingekuja baadaye na kuwekwa juu. Wanawake walipenda hivyo. Balbu ikining'inia, mume hawezi tena kusema hiyo fedha irudi anunue kitu kingine.

Aliyemfungulia milango hiyo yote ni Cicily, mwenyekiti wa kikundi chao cha akina mama, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Walikuwa wamezaa mwezi mmoja, Karimi akimpata binti yake Kawira, wakabebeana watoto, wakaazimana chumvi na siri. Cicily ndiye aliyesimama mbele ya kikundi akasema, "Huyu Mama Kawira ni wangu. Akiwadanganya, mnishike mimi." Na alipoulizwa yake itawekwa lini, alicheka: "Mimi nitakuwa wa mwisho. Mwenyekiti hali kwanza."

Makundi mawili ya kwanza yalikwenda vizuri. Sola zilifika, taa zikawaka, vikongwe wakaimba. Kundi la tatu lilikuwa nyumba kama ishirini hivi, ya Cicily ikiwemo. Karimi akaweka nyaya zote, akafunga balbu zote, akakaa kungoja simu ya Isaack.

Wakati huo ndipo Mzee Rwamba alipobadilika. Koroboi ilimponyoka akiwa anatafuta miwani, blanketi likashika moto. Karimi alilizima kwa ndoo ya maji ya ng'ombe. Mzee hakuumia, ila aliketi kitandani, blanketi lililoungua likiwa magotini, na baada ya muda akasema, "Mwari, nitawaita wazee." Mwari, yaani binti. Kwa miaka yote ya ndoa yake alikuwa hajawahi kumwita hivyo.

Wazee wa rika lake wakaja, mbuzi akachinjwa, nyama ikaliwa chini ya ukingo wa ile nyumba. Mzee Rwamba akamsimamisha Karimi mbele yao, akanywa funda la pombe ya muratina, akampulizia kifuani kidogo kidogo kama ilivyo desturi ya kubariki, akasema kwa Kimbeere kwamba kuanzia siku hiyo huyu si mke wa mwana tena, ni mtoto aliyezaliwa humo, na mtoto anaweza kupanda paa la baba yake. Wazee wakaitikia. Neno likishapita kwenye mbuzi namna hiyo halirudishwi. Kulirudisha ni kujitafutia balaa. Karimi alikwenda nyuma ya zizi akalia kwa furaha, halafu akarudi akafunga nyaya na balbu nyumbani kwa mzee pia, akiwa na uhakika kwamba sola moja zaidi si tatizo.

Simu ya Isaack ilikuja wiki iliyofuata. Haikuwa sauti ya biashara.

"Dada, njoo tu. Siwezi kusema kwa simu."

Karimi alidhani ni uchovu wa duka tu. Alikodi gari la mizigo kwa ajili ya sola ishirini, akapakia na ngazi yake ili akirudi aanze kazi moja kwa moja, akaingia Meru akiwa amejaa matumaini. Alimkuta Isaack ameketi juu ya boksi katikati ya duka lililojaa mpaka mlangoni.

"Ruzuku imekatwa," Isaack alisema. "Imetangazwa kwa redio jana. Kuanzia jana yenyewe."

"Kuanzia jana kwa wale wapya?"

"Wote. Hata wale walikuwa wameandikisha. Nimepiga simu mpaka nikachoka. Wananiambia ni mambo ya bajeti, ningoje. Walahi, dada, mimi pia nimebaki na hizi zote, na waliozileta wanataka chao."

Karimi aliuliza tena maswali yaleyale kwa njia tofauti, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Bei bila ruzuku ilikuwa haisemeki. Ile nusu waliyotoa akina mama ilikwisha kuwa nyaya na balbu na amana ya betri. Mtu fulani ofisini alikuwa amekata mstari mmoja kwa kalamu akaenda kunywa chai, na chini huku nyumba ishirini zikabaki na balbu zisizo na kitu. Hasira yangu hapo haina pa kwenda, na ya Karimi haikuwa na pa kwenda pia.

Isaack aliingia nyuma akatoka na sola moja na betri yake. "Hii ilibaki kwa kundi la pili, ile nyumba moja walihama. Ilishalipiwa. Chukua. Kwa hii sikuhitaji kuuliza mtu."

Akarudi na gari zima na sola moja. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angekwenda kwa Cicily kwanza, kabla hata ya kunywa maji. Angemweleza yote, waite kikundi, akina mama wenyewe waamue ile moja iende wapi, labda kwa Cucu Ciakuthii, bibi aliyekuwa mkongwe kuliko wote. Hayo ndiyo aliyopanga, na laiti dereva angepinda kushoto pale sokoni mambo yangekuwa mengine. Lakini dereva alitaka kwanza kushusha ngazi nyumbani.

Uani walikuwa wamekaa wazee wote waliokula mbuzi. Gitari, akiwa safarini, alikuwa amempigia baba yake simu kumwambia kwamba Karimi amekwenda kuleta sola, na mzee akavaa koti lake la kanisa akawatumia wenzake habari. Viti vilikuwa vimepangwa vikielekea mlango. Mzee Rwamba alisimama kwa mkongojo, akatazama lile boksi moja mle garini kama mtoto anayetazama mkate.

"Imekuja?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema, Baba, kuna shida, ngoja tuongee. Lakini wazee wale walikuwa mashahidi wa neno lililopita kwenye mbuzi, na mbele yao alikuwa mtu aliyekubali kupandiwa kichwani ili amwite mwari. Karimi aliona aibu ambayo ingemfika mzee yule pale pale, mbele ya rika lake, na moyo ukamshinda.

"Imekuja, Baba," alisema.

Akapanda. Jua lilikuwa linazama kazi ilipokwisha. Taa zilipowaka wazee walipiga makofi, mmoja akavua kofia. Mzee Rwamba alifungua Biblia popote, akasoma mistari miwili bila kuishikilia puani, kisha akaifunga, akamtazama Karimi. Karimi alijiambia kwamba kesho asubuhi na mapema atakwenda kwa Cicily.

Alisahau jambo ambalo yeye, kati ya watu wote, hakupaswa kulisahau. Nyumba ya Rwamba iko juu ya mwinuko. Taa ikiwaka pale, Kiritiri yote inaiona.

Asubuhi hakuwahi. Cicily ndiye aliyefika kwanza, khanga ikiwa mabegani, bila kicheko.

"Mama Kawira, sola zimekuja?"

"Cicily, keti nikueleze."

"Niketi nini? Nimeuliza kama zimekuja."

Karimi akaeleza: ruzuku, redio, Isaack, sola moja. Maneno yalitoka yakiwa ya kweli kabisa na yakasikika kama uongo mtupu. Cicily aliinua macho akatazama lile paa.

"Kwa hivyo ilikuwa moja," alisema polepole. "Na kati ya sisi wote, ile moja ikajua njia ya kwa baba mkwe wako."

"Wazee walikuwa wamekaa hapa, Cicily. Mbuzi alikuwa ameliwa."

"Na mimi nilikula kiapo. Hicho hukukiona?"

Akaikaza khanga mabegani, akashuka mwinuko.

Habari ya kukatwa kwa ruzuku ilikuwa kwenye redio, ndiyo, lakini redio inasema mengi. Macho ya watu yalikuwa kwenye ile taa. Karimi amekula sola zetu: neno hilo lilianzia kisimani, likapita sokoni, likafika kanisani limevaa nguo za Jumapili. Akina mama wakaanza kuja mmoja mmoja. Hawakugombana. Mtu anafika, anaweka balbu zake chini langoni, anaondoka. Mwingine anakuja na swichi iliyong'olewa ikiwa bado na waya. Kawira, bintiye, ndiye aliyekuwa akiziokota akitoka shule na kuziingiza ndani kwenye beseni, bila kuuliza.

Karimi hakukaa tu kulia. Aliuza pikipiki. Aliuza na mashine ya kutobolea, na ng'ombe mmoja ambaye Gitari alikuja kumgombeza kwa ajili yake kisha, alipomwona uso, akaacha. Kwa yote hayo alipata sola mbili kwa bei kamili. Moja akampelekea Cucu Ciakuthii. Kikongwe alimshika mikono yote miwili akaibariki. Karimi alirudi nyumbani kwa mara ya kwanza akiwa na hamu ya chakula.

Kesho yake sokoni mwuza mtama alisema kwa sauti, bila kumtazama, "Si mmeona? Alikuwa amezificha. Akibanwa, anatoa moja."

Ile ya pili ilipowekwa kwa mjane wa upande wa mto, wakasema hivyo hivyo, tena kwa uhakika zaidi. Kila sola aliyoileta kwa jasho lake ikawa ushahidi wa wizi wake. Asipoleta ni mwizi, akileta ni mwizi anayerudisha. Hebu wewe ungefanya nini? Karimi alikaa jikoni siku hiyo ugali ukaungua.

Mzee Rwamba alikuwa hajui. Watu hawamwambii mzee habari za mkaza mwanawe. Aliona tu kwamba wazee waliokuja kuota taa yake wamepungua, kisha hawaji. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi. Hatimaye rafiki yake wa tangu jandoni alimweleza ukweli: kwamba taa anayosomea Biblia inasemwa kuwa ya akina mama.

Alimwita Karimi mchana, wakakaa wawili.

"Ni kweli ilikuwa moja?"

"Ni kweli, Baba."

"Na ulijua ni ya hao wanawake."

"Nilijua."

Karimi alingoja akemewe, na kukemewa kungemfaa. "Ulinionea huruma mbele ya wenzangu," mzee alisema mwishowe. "Mimi ndiye nilipaswa kukuonea. Lete ngazi."

"Baba, neno lilipita kwenye mbuzi. Ulisema halirudishwi."

"Sirudishi neno. Wewe ni mtoto wangu, na mtoto ametumwa na baba yake. Panda uitoe. Mimi nitashika ngazi."

Na akaishika. Mkongojo aliutupa chini, akaikumbatia ile ngazi kwa mikono yote miwili, akaegemeza shavu kwenye mti wake. Karimi alifungua skrubu moja baada ya nyingine huku machozi yakidondoka juu ya mabati na kukauka papo hapo. Alipokuwa akishuka na sola mgongoni, mzee alikuwa bado ameishikilia ngazi, macho ameyafumba.

"Peleka kwa Cicily," alisema. "Mwambie imetoka kwa Rwamba."

Karimi alimkuta Cicily uani akipepeta ndengu. Hakusema karibu. Alitazama ile sola, akaonyesha kwa kidevu upande wa paa. Karimi aliegemeza ngazi, akapanda, akafanya kazi yake kama alivyozoea, vizuri, bila haraka, akipitisha waya pale pale walipokuwa wamepanga pamoja siku walipocheka mpaka wakalala chini. Balbu za Cicily zilikuwa bado darini. Huyo peke yake hakuzing'oa. Karimi alipoliona hilo moyo ulimruka.

Alibonyeza swichi. Taa ikawaka. Cicily alisimama mlangoni akaitazama.

"Asante," alisema.

"Cicily..."

"Hapana. Ngoja nimalize." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomwogopesha Karimi. "Mimi najua hukuiba. Najua tangu ile asubuhi. Kama ungeiba ningekusamehe, mtu huiba akiwa na shida. Lakini siku hiyo ulikuwa na watu wawili wa kuaibisha, mzee wako na mimi, na ukachagua mimi bila hata kunipigia simu. Nimevuliwa uenyekiti, Mama Kawira. Nimeambiwa tuligawana. Sasa taa imewaka, kazi imeisha. Mtu akiniuliza nitasema ulikuwa fundi mzuri. Lakini hapa kwangu usirudi."

Akaingia ndani, akafunga mlango, na mwanga ukabaki ukitoka chini yake.

Karimi alibeba ngazi begani, kwa sababu pikipiki haikuwepo tena, akatembea mpaka nyumbani. Mzee Rwamba alikuwa amewasha koroboi, ameketi mlangoni akimngoja.

"Imewaka?"

"Imewaka, Baba."

"Cicily alisema nini?"

Karimi aliweka ngazi chini polepole ili apate nafasi. "Alifurahi sana. Alisema nikusalimie."

Uso wa mzee ulifunguka. "Nilijua," alisema. "Mwanamke yule ana roho nzuri. Basi Jumapili, tukitoka kanisani, utanipeleka. Tutaingia tunywe chai kwake, watu watuone, na maneno yote yataisha."

"Sawa, Baba," Karimi alisema, akaingia jikoni, akainama juu ya mafiga kana kwamba anapuliza moto.